Doksi inavyomezwa: maelekezo kwa wavuvi, waanika dagaa na kila mwenye cheti mkononi

Cheti kikiandikwa "Doxy 100 mg b.d 7/7", maana yake ni kapsuli moja ya doksisaiklini ya miligramu 100, kutwa mara mbili, kwa siku saba. Jumla kapsuli 14. Juu ya bahasha ya dawa utaandikiwa "1x2", na mara nyingi maelezo yanaishia hapo, maana nyuma yako kuna foleni na boti ya Kagunga imeshaanza kupakia.

Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Kibirizi, Kigoma, jirani kabisa na mwalo. Wateja wangu ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, abiria wa vijiji vya kando ya ziwa, na akina mama wenye watoto mgongoni. Doksi ni dawa ninayoiamini. Inatibu magonjwa mazito, na mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Lakini ni dawa yenye masharti yake, na masharti hayo hayaenei kwenye bahasha. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Kwanza, inatibu nini. Doksi ni antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Inawazuia bakteria kutengeneza protini, wakashindwa kuongezeka, kisha kinga ya mwili wako ndiyo inayowamaliza. Hospitali huitoa kwa klamidia, kwa maambukizi ya via vya uzazi vya mwanamke ikiambatana na dawa nyingine, kwa homa ya papasi, kwa baadhi ya nimonia, na kwa ugonjwa wa brusela ambao watu huupata kwa mifugo au kwa maziwa yasiyochemshwa. Kila ugonjwa una hesabu yake. Klamidia ni siku saba, brusela ni wiki sita na haitibiwi kwa doksi peke yake. Kwa hiyo dozi aliyopewa jirani yako haikuhusu, hata kama kapsuli zinafanana rangi.

Mafua haitibu, kwa sababu mafua ni virusi. Na malaria je? Swali hili naulizwa sana, na najua linakotoka. Wageni wanaokuja kuona sokwe Gombe wengi wanatembea na doksi, wanameza moja kila siku, na vijana wa boti wakiona hivyo wanaamini ni dawa ya malaria. Wale wanajikinga. Wanaanza siku moja au mbili kabla ya safari na wanaendelea wiki nne baada ya kuondoka kwenye eneo lenye malaria. Ukishaugua, doksi peke yake inafanya kazi polepole mno. Nenda kapime, na ukikutwa na malaria utapewa mseto.

Sasa tuje kwenye kumeza, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo penye madhara mengi ninayoyaona.

Kijana mmoja wa mtumbwi wa dagaa aliingia dukani ameshika kifua. Kila akimeza mate anakunja uso. Alitaka magnesiamu, vile vidonge vya kiungulia, wenzake walikuwa wamemwambia hivyo ni vidonda vya tumbo. Nikamuuliza kama kuna dawa anatumia. Akatoa mfukoni bahasha imelowa, ndani kapsuli za doksi zimeanza kulainika na kushikana. Alipewa zahanati, kwa cheti halali, kwa ugonjwa wa kweli. Nikamuuliza anamezaje. Akasema ile ya usiku anaimeza wakiwa majini, kwa funda moja la maji, halafu anajilaza ndani ya mtumbwi kusubiri dagaa wakusanyike kwenye taa.

Kilichompata ni hiki. Kapsuli ya doksi ikimezwa na maji kidogo hunata kwenye ukuta wa umio, ile njia inayotoka kooni kwenda tumboni. Ganda linayeyuka palepale, unga unamwagika mahali pamoja. Unga wa doksi ukikutana na unyevu unakuwa asidi kali, unaunguza nyama laini ya umio na kuacha kidonda. Mtu akiwa amelala ndiyo hatari inazidi, kwa sababu hakuna kinachoivuta kapsuli kushuka. Maumivu yanakuja nyuma ya mfupa wa kifua, hasa wakati wa kumeza, na wengine wanadhani ni moyo. Nilimrudisha zahanati wambadilishie dawa na kumwangalia. Sikumuuzia magnesiamu, na sababu nitaieleza baadaye kidogo.

Kwa hiyo meza hivi. Kaa wima au simama. Kunywa maji kidogo kwanza ili koo lilowane. Weka kapsuli mdomoni, kisha kunywa glasi nzima, kama nusu ya ile chupa ndogo ya maji ya dukani. Funda moja halitoshi, na mate hayatoshi kabisa. Baada ya hapo usilale wala usijinyooshe kwa nusu saa. Mtu aliyetoka kazini amechoka mimi namwambia saa nzima, maana anayejipangia nusu saa akiwa amekaa kwenye mkeka anasinzia kabla haijafika. Osha vyombo, tengeneza nyavu, zungumza na watoto, ilimradi kiwiliwili kiwe wima. Kwa sababu hiyohiyo, kapsuli ya usiku usiimeze ukiwa umeshapanda kitandani. Imeze na chakula cha jioni.

Anayevua usiku apange saa zake kwa kuangalia kazi. "Kutwa mara mbili" ni takriban kila baada ya saa 12, na doksi ina uvumilivu katika hili kwa kuwa inakaa mwilini muda mrefu kuliko antibayotiki nyingi. Ukipishana saa moja au mbili hakuna kinachoharibika. Kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, mnapoingia ziwani kila siku, kapsuli ya kwanza meza asubuhi ukisharudi na kula, kabla ya kulala, ukiheshimu ile saa ya kukaa wima. Ya pili meza saa 11 au 12 jioni ukiwa bado nchi kavu, umekula, na maji ya kutosha yapo. Usiibebe kwenda nayo ziwani. Kule maji ya kunywa ni ya kubana, mtumbwi unayumba, na kapsuli ikipata unyevu inaharibika.

Chakula kinaruhusiwa, tena kinasaidia. Doksi inachafua tumbo kwa watu wengi, na ukiimeza njaa kichefuchefu kinakuwa kikali. Kula ugali wako na mgebuka, kula wali, kula muhogo, kisha meza. Shida iko kwa vitu vichache vinavyoikamata doksi tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu: madini ya chuma, kalsiamu, magnesiamu na aluminiamu. Ndiyo sababu yule kijana sikumpa magnesiamu. Angepata nafuu ya muda kifuani huku dawa ya ugonjwa wake ikitoka na haja kubwa bila kufanya kazi. Kama unatumia dawa za kiungulia, achanisha kwa saa mbili au tatu. Vidonge vya kuongeza damu vina chuma na ni vikorofi zaidi. Mwambie aliyekuandikia dawa kwamba unavitumia, huenda akakusimamishia kwa siku hizo chache. Maziwa hayaikamati doksi kama yanavyoikamata tetrasaiklini ya zamani, ila yanapunguza kiasi. Chai ya maziwa au mtindi iwe wakati mwingine, kapsuli ishuke na maji.

Kuhusu pombe, nitasema kwa ufupi. Doksi yenyewe haigombani na pombe kwa namna ya ghafla, lakini mnywaji wa kila siku ini lake linaiondoa dawa haraka na nguvu inapungua. Halafu wanawake wenye maambukizi ya via vya uzazi mara nyingi hupewa doksi pamoja na metronidazoli, na hiyo na pombe hazikai nyumba moja. Ukiona dawa mbili kwenye bahasha, uliza kabla hujakaa na wenzako jioni.

Jua nalo lina habari yake, na kwa Kigoma si jambo dogo. Doksi inaifanya ngozi iungue upesi na jua. Weusi wa ngozi unasaidia lakini haukingi kabisa. Nimeona mama muanika dagaa aliyekuwa kwenye dozi, mikono yake kuanzia kwenye kiwiko kushuka imewiva, inawasha na kuchoma, na sehemu iliyofunikwa na khanga ikiwa salama kabisa. Alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wengine jua linawapata kwenye kucha, zinauma na kuanza kuachia nyama. Kwa hiyo ukiwa kwenye doksi vaa mikono mirefu, kofia pana au jifunge kitambaa hadi shingoni. Kazi ya juani ifanye mapema asubuhi au alasiri jua likishapoa, na hayo uyaendeleze siku chache baada ya kapsuli ya mwisho. Ngozi ikianza kuchoma kuliko kawaida, ingia kivulini na urudi kwa aliyekupa dawa. Usipake mafuta ya mawese juu ya ngozi iliyoungua.

Nani asipewe

Mjamzito, hasa mimba ikishapita miezi mitatu, na mtoto mdogo. Doksi hushikamana na kalsiamu ya meno na mifupa inayojengwa, na meno ya mtoto yanaota yakiwa ya njano au ya kahawia, rangi isiyotoka kwa mswaki wala kwa kitu chochote. Mpaka unaotajwa sana ni miaka 8, na vikaratasi vingine vilivyomo ndani ya pakiti vinaandika 12. Zipo hali ambapo daktari huamua kumpa mtoto dozi fupi kwa sababu ugonjwa ni hatari kuliko doa la jino. Uamuzi huo ni wake, mzazi usiufanye nyumbani kwa kukadiria nusu kapsuli. Anayenyonyesha aseme mapema akiwa mbele ya daktari.

Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa ya jamii ya tetrasaiklini asiiguse. Wanaotumia rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenobabito na kabamazepini, wanaivunja doksi haraka, nguvu yake inashuka. Anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu anaweza kuanza kuvuja damu kirahisi. Wote hawa wamwambie daktari. Anayetumia vidonge vya majira aendelee navyo bila wasiwasi. Doksi haivibatilishi, isipokuwa akitapika au kuharisha sana, hapo atumie na kondomu.

Kuna jambo la kugawana, na linaniuma kwa dhati. Wanandoa wawili wanakuja, cheti kimoja, aliyepimwa ni mmoja. Wakifika nyumbani wanagawana kapsuli saba kwa saba. Hesabu hiyo inampa kila mmoja siku tatu na nusu za dawa iliyohitaji siku saba. Maumivu yanatulia, usaha unakoma, wanafurahi. Bakteria waliobaki wanaanza upya, na mara hii wamekwishaionja dawa. Kwa mwanamke klamidia inaweza kupanda kimyakimya hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Baadaye mtoto anatafutwa hapatikani, au mimba inatunga nje ya kizazi. Na kama mke ni mjamzito, ile nusu aliyopewa kwa upendo ni dawa asiyopaswa kuigusa, wakati zahanati ingempa nyingine inayomfaa, kama azithromaisini.

Kaka yangu, ukipimwa na kukutwa na ugonjwa wa zinaa, kapsuli 14 zote ni zako. Mwenzako apelekwe naye, apimwe, apate dozi yake kamili. Msikutane kimwili hadi wote mmemaliza siku saba. Najua kumwambia mwenza ni kugumu. Wahudumu wa zahanati wamezoea kulisaidia hilo, waombe wakuelekeze namna ya kumleta bila ugomvi, na hawatatangaza habari zako mwaloni.

Kutumia dozi nusunusu namna hii ndiko kunakolea usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Tatizo hili sisi tunaliona dukani kabla halijaingia kwenye ripoti yoyote: mgonjwa yuleyule, ugonjwa uleule, na dawa iliyomponya mwanzoni haimponyi tena.

Ukisahau kapsuli, meza pale utakapokumbuka. Ikiwa saa ya inayofuata imekaribia, iache uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Ukitapika muda mfupi tu baada ya kumeza na kapsuli ukaiona, meza nyingine tumbo likitulia. Ukitapika kila mara, rudi kituoni, kuna dawa mbadala. Na ukijisikia umepona siku ya tatu, endelea hadi ya saba.

Dalili za kukufanya uache dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo ni hizi: kuvimba midomo au uso, kupumua kwa shida, vipele vyenye malengelenge au ngozi inayobanduka, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, kuharisha maji mengi au damu, macho kuwa ya njano, na maumivu makali wakati wa kumeza. Ukiwa hapa mjini nenda hospitali ya Maweni, ukiwa kijijini nenda kituo kilicho karibu, na uende na pakiti ya dawa mkononi. Kuwashwa sehemu za siri na utoko mweupe mzito ni fangasi. Huja baada ya antibayotiki nyingi na hutibika, usiache dozi kwa ajili yake, ila kamwone mhudumu. Mwenye homa ya papasi ajue pia kwamba saa chache baada ya dozi ya kwanza anaweza kutetemeka na homa kupanda ghafla kwa sababu bakteria wanakufa kwa wingi. Ndiyo maana ugonjwa huo unatakiwa kuanziwa matibabu penye mtu wa kukuangalia.

Wakati wa kununua, omba kuuona ukanda mzima kabla haujakatwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo huwa pembeni mwa ukanda, na mkasi ukipita pale wewe unaondoka na kapsuli zisizo na umri. Kwa dawa za jamii hii umri ni jambo zito: tetrasaiklini iliyoharibika kwa kuzeeka iliwahi kuwadhuru watu figo, na habari hiyo iko kwenye vitabu vya tiba tangu miaka ya 1960. Kapsuli iliyobadilika rangi, iliyolainika au kushikana na mwenzake usiimeze. Zinazouzwa kwenye beseni gulioni au mkononi ndani ya boti ziache, hata kama bei ni nusu, kwa sababu hujui zimekaa juani siku ngapi. Nyumbani ziweke pakavu penye kivuli, mbali na watoto. Chumba cha bati bila dari mchana kinawaka moto, kwa hiyo chagua kona ya chini iliyo baridi kuliko juu ya kabati.

Kapsuli usizifungue na kunyunyizia unga kwenye kidonda. Watu wanafanya hivyo na kila kapsuli ya rangi mbili, wakiona kidonda kimekauka juu wanasema dawa imefanya kazi. Ule unga uliomuunguza yule kijana umio ndio unaoumwaga kwenye nyama iliyo wazi. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, funika, na kikiwa kirefu au kinanuka kipeleke zahanati.

Tetesi za kipindupindu zikianza, watu huja dukani kutaka doksi za kuweka ndani. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kilizuka na watu wakafa. Ni kweli doksi hutumika katika ugonjwa huo, mtu mzima hupewa dozi moja tu ya miligramu 300. Lakini hutolewa na wahudumu, pamoja na maji na chumvi za mwilini, na hayo maji ndiyo yanayookoa uhai. Anayeharisha kama maji ya mchele aanze kunywa ORS palepale huku anapelekwa kituoni, asisubiri kapsuli. Kwa kujikinga chemsha maji ya ziwa au yatibu kwa dawa ya klorini, nawa kwa sabuni, tumia choo.

Mwisho ni zile zinazobaki. Ukimaliza dozi kama ilivyoandikwa hazibaki, lakini daktari anaweza kukubadilishia dawa katikati, ukajikuta na kapsuli sita za ziada. Usizihifadhi kwa ajili ya ugonjwa ujao, usimpe shemeji, usizitupe chooni wala ziwani. Zirudishe kituo cha afya au duka la dawa ulikozinunua, uwaambie ni za kuteketezwa. Mimi wakiniletea napokea, naziweka kwenye boksi la dawa mbovu, zinasubiri utaratibu wa uteketezaji pamoja na zangu zilizoisha muda.